Namna ya kusoma chapa ya kale ya Kiholanzi yenye mafundi wa vyombo

Maji yametulia. Chombo kimesimama juu ya magogo, nusu kimevaa mbao, nusu kiko uchi. Watu wawili watatu wameinama kazini, mbwa amelala, na ng'ambo ya maji kuna kinu cha upepo. Picha za namna hii zilichapwa kwa wingi Uholanzi katika karne ya 17 na ya 18, na watu wengi huzipita haraka kwa sababu hazina vita wala dhoruba. Mimi nazipenda kuliko zote. Nataka nikuonyeshe namna ya kukaa na moja kati yake hadi ikuambie ilichobeba, na baadaye, kama unayo mkononi, namna ya kujua ni ya lini na kuitunza isiharibike.

Ninaposema chapa, nakusudia picha iliyopigwa kwenye karatasi kutoka bamba la shaba. Mchoraji hupaka bamba nta, akachora juu yake kwa sindano hadi shaba ionekane, kisha akalitia kwenye tindikali. Tindikali hula pale sindano ilipopita tu. Bamba husafishwa, wino hujazwa kwenye mifereji ile, na mashinikizo hubana karatasi iliyoloweshwa hadi inyonye wino. Waholanzi huita picha ya namna hiyo ets. Kuna nyingine zilizochongwa moja kwa moja kwenye shaba kwa chuma chenye ncha, bila tindikali.

Usianze na jina la mchoraji. Anza na chombo. Aliyewahi kukaa ufukweni Nungwi au Matondoni, penye waunda majahazi, akatazama fundi akichonga mbao kwa tezo ana macho ambayo wasomi wengi wa picha hawana, na ayatumie kwanza kabla ya kufungua kitabu chochote.

Hatua ya kwanza: pata picha unayoweza kuikaribia

Huhitaji kununua. Rijksmuseum la Amsterdam limeweka mtandaoni picha za chapa zake kwa ukubwa wa kutosha kuhesabu misumari, na za wachoraji hawa wa kale unaweza kuzipakua bure. Tafuta kwa maneno ya Kiholanzi, yatakufikisha mbali zaidi: scheepsbouw ni ujenzi wa meli, scheepswerf ni karakana ya meli, scheepstimmerman ni seremala wa meli, prent ni chapa. Namba ya kumbukumbu ikianza na RP-P, ujue ni chapa, si mchoro wa rangi.

Ukikosa pa kuanzia, anza na Reinier Nooms, aliyeishi takriban 1623 hadi 1664. Alijiita Zeeman, yaani baharia, na anachora kamba kama mtu aliyewahi kuzishika. Mfululizo wake wa vyombo na mandhari ya Amsterdam unajitangaza kuwa umechorwa "naer 't leven", kutokana na vitu vyenyewe. Jan Luyken na mwanawe Caspar walitoa mwaka 1694 kitabu cha chapa 100 za kazi za watu, Het Menselyk Bedryf, na mjenzi wa meli yumo pamoja na mwokaji na mshonaji. Mwanzoni mwa karne ya 18 Sieuwert van der Meulen alichora maisha ya meli katika chapa 16, tangu ujenzi wake. Gerrit Groenewegen wa Rotterdam alitoa vyombo 84 mwaka 1789. Kati ya hao wote, Nooms ndiye anayejua kunyamaza. Anaacha nafasi kubwa ya mbingu na maji, na kazi inafanyika pembeni kana kwamba hakuna anayetazama.

Hatua ya pili: uliza chombo kimefika wapi

Hapa ndipo pa kukaa sana. Kuza picha, na ufuate chombo kuanzia chini.

Tafuta mkuku, yaani gogo refu la chini linalobeba chombo kizima. Umelazwa juu ya vigogo, na mara nyingi ardhi inateremka kuelekea majini, kwa sababu siku ya kushua chombo kitakwenda upande huo. Kisha tazama omo (mbele) na tezi (nyuma): je, nguzo zake zimekwisha kusimamishwa? Halafu swali kubwa: kati ya mbao na mataruma, zile mbavu za ndani za chombo, kipi kimetangulia?

Swali hili si dogo, kwa sababu Waholanzi wenyewe walikuwa na njia mbili. Amsterdam na upande wa kaskazini walianza na mbao. Walilaza mkuku, wakaunganisha mbao za sakafu ya chombo ubavu kwa ubavu, wakazishika kwa vipande vidogo vya mbao vilivyopigiliwa misumari kukatiza viungo. Umbo la chini likishapatikana, ndipo mataruma yakaingizwa ndani na vipande vile vikang'olewa. Matundu ya misumari yaliyobaki yalizibwa kwa vijiti vyembamba vya mti. Wachunguzi wa mabaki ya meli huitambua njia hii leo kwa kuona vijiti hivyo. Meli Batavia, iliyovunjika pwani ya magharibi ya Australia mwaka 1629, ilijengwa hivyo. Huku kusini, upande wa Rotterdam, mafundi walisimamisha kwanza baadhi ya mataruma, kisha wakayavisha mbao. Nicolaes Witsen aliandika njia ya kaskazini katika kitabu chake cha mwaka 1671, na Cornelis van Yk akaandika ya kusini mwaka 1697.

Kwa hiyo ukiona sakafu ya chombo imekamilika, imepinda vizuri, na ndani bado tupu, kuna dalili nzuri kwamba uko Amsterdam au jirani zake. Ukiona mataruma yamesimama kama mbavu za samaki na mbao bado chache, fikiria kusini. Usiape kwa dalili moja, lakini iandike.

Tafuta pia moto. Ubao mnene wa mwaloni haukubali kupinda hivi hivi. Waliuegemeza juu ya moto wa wazi, wakaulowesha maji, wakauwekea uzito upande mmoja hadi ukalegea, halafu wakaukimbiza kwenye chombo na kuubana kwa makoleo makubwa ya mti ungali moto. Moshi mwembamba unaopanda kando ya chombo katika picha tulivu mara nyingi una kazi hiyo. Wengi huuona kama pambo la mchoraji, nami nasikitika kila ninaposoma maelezo yanayoishia kwenye "moshi wapanda angani" bila kumtaja fundi aliyesimama pembeni akingoja ubao ulegee.

Na rundo la miti iliyopinda lililoachwa majanini, usilidharau. Hiyo ndiyo mali ya karakana. Taruma lililokatwa kutoka tawi lililojipinda lenyewe lina nguvu kuliko lililochongwa kutoka gogo lililonyooka, kwa kuwa nyuzi za mti zinafuata mpindo. Waholanzi wana neno moja kwa mti wa namna hiyo, kromhout. Mafundi wetu nao hutembea na macho juu ya matawi wakitafuta kitu kilekile.

Kabla hujaendelea: je, kinajengwa au kinatengenezwa?

Siku moja nilikwenda kwa mjomba wangu na chapa niliyoipakua. Maelezo yake yalisema ni ujenzi wa meli. Mjomba alikuwa fundi wa mashua tangu ujana wake. Nilimwamkia shikamoo, nikaketi, nikamwekea picha mapajani. Aliitazama muda mrefu bila kusema, kisha akaweka kidole kwenye mlingoti.

"Mwanangu, hiki hakijengwi. Hiki kinatibiwa."

Chombo kilikuwa kimelazwa ubavu karibu na maji, mlingoti ungalipo, kamba zimefungwa kuelekea ufukweni, na chini yake kuna watu na moshi. Mjomba hakujua mchoraji wala mwaka. Alijua tu kwamba huwezi kusimamisha mlingoti na kamba zake zote kabla hujamaliza tumbo la chombo.

Tangu siku hiyo hili ni swali langu la lazima. Chombo kilicholala ubavu na mlingoti wake, tumbo likitazama nje, kinasafishwa au kinatiwa kalafati, yaani kinazibwa viungo vyake visipitishe maji. Waholanzi walichoma matete chini ya tumbo la chombo ili kuunguza uchafu na kulainisha lami ya zamani kabla ya kupaka mpya. Hapo moshi huwa mzito, si ule uzi mwembamba wa kupinda ubao. Chombo kinachojengwa husimama wima juu ya mkuku wake, kimetegemezwa kwa miti pande zote mbili, na mara nyingi hakina mlingoti.

Hatua ya tatu: fuata mikono

Chagua mtu mmoja na umtazame yeye peke yake. Ameinama vipi? Ameshika nini? Mwenye mpini mfupi na chuma kilichogeukia kwake ana tezo, na chini ya miguu yake tafuta vibanzi. Wawili wanaotazamana, mmoja juu ya gogo na mwingine chini yake, wanapasua mbao kwa msumeno mrefu. Anayezungusha mkono kifuani anatoboa tundu kwa keekee, na baada yake atakuja mwenye nyundo na kigingi cha mti, maana mbao nyingi zilifungwa kwa vigingi vya mti.

Aliyeketi au kupiga goti ubavuni mwa chombo, nyundo ya mti mkono mmoja na patasi butu mkono wa pili, ni fundi wa kalafati. Anasukuma nyuzi za kamba kuukuu ndani ya viungo, na mwenzake anakuja na chungu cha lami. Kwetu ni pamba na mafuta, na deheni, mafuta ya kupaka vyombo, kwa nje, lakini pigo la nyundo ni lilelile. Hata neno lina undugu: Waholanzi husema kalfaten, sisi kalafati. Neno hili limezunguka bahari ya Mediterania katika ndimi za mabaharia wa Kiarabu na wa Ulaya, na sisi tumelipata kwa upande wa Waarabu, wao kwa upande wa jirani zao wa kusini.

Sasa tazama ni mkono upi unaoshika nyundo. Kama mafundi wote wanaonekana mashoto, picha imegeuka. Bamba huchapa kinyume: kilichochorwa kulia hutokea kushoto. Mchoraji makini alichora kwenye shaba kwa kugeuza ili karatasi itoke sawa, lakini wengine hawakujali, hasa kwa watu wadogo wa pembeni. Hili lina maana kubwa ukitaka kutambua mahali. Mnara wa kanisa ulio kulia kwenye chapa unaweza kuwa kushoto mjini. Kabla hujasema "hapa sipo", geuza picha kwenye simu yako uitazame upya.

Ukimaliza watu, tazama kinu. Si kila kinu kinasaga nafaka. Mwaka 1593 Cornelis Corneliszoon wa Uitgeest alipewa haki ya uvumbuzi wa kinu cha upepo kinachopasua mbao, na kazi iliyowachukua wawili wa msumeno siku nyingi ikawa ya saa chache. Eneo la mto Zaan, kaskazini ya Amsterdam, likajaa vinu hivyo na karakana za meli. Kinu cha mbao husimama karibu na maji, kina vibanda virefu pande zake, na magogo huelea mbele yake. Kama magogo yapo, kinu hicho ni sehemu ya karakana.

Hatua ya nne: ni chombo gani?

Fupi tu. Ukiona ubao mpana kama bawa umening'inia kila ubavu, hicho ni chombo cha maji ya kina kifupi, cha mifereji na ghuba. Bawa la upande uliokingwa na upepo hushushwa majini ili chombo chenye sakafu bapa kisisukumwe kando. Tumbo limevimba na sitaha imebana juu kama peasi? Hiyo huenda ni fluit, meli ya mizigo ambayo asili yake ni mji wa Hoorn, mwishoni mwa karne ya 16. Vyombo vikubwa vya Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki vilijengwa katika karakana zenye watu wengi mno. Picha tulivu yenye mafundi watatu karibu kila mara ni ya karakana ndogo. Ukitaka kupima urefu, kumbuka futi ya Amsterdam ilikuwa takriban sentimita 28.3, fupi kuliko ya Kiingereza. Meli ambayo Witsen aliitolea mfano ilikuwa na futi 134, yaani kama mita 38.

Hatua ya tano: soma ukingo wa chini

Sasa ndipo majina yanapoingia. Maneno madogo ya chini mara nyingi ni Kilatini kilichofupishwa. Jina likifuatwa na inv. au del., huyo ndiye aliyebuni au kuchora. Sculp. ni aliyechonga bamba. Fec. ni aliyefanya, na kwa chapa za tindikali huwa ndiye mchoraji mwenyewe. Exc. ni mchapishaji, mwenye mabamba na duka. Linganisha jina la mchapishaji na la kwenye nakala nyingine ya picha hiyohiyo: mabamba yaliuzwa na kurithiwa, na kila mmiliki alipenda kufuta jina la mwenzake na kuweka lake, au kuongeza namba pembeni. Nakala isiyo na namba mara nyingi imetangulia ile yenye namba.

Hatua ya sita, kama karatasi iko mikononi mwako

Nawa mikono, ikaushe vizuri. Shika karatasi kwa mikono miwili. Iinue mbele ya dirisha, au weka tochi nyuma yake. Karatasi ya karne ya 17 ilitengenezwa kwa matambara ya kitani kwenye kichujio cha nyaya, na nyaya hizo zimeacha mistari: mingi myembamba iliyobanana, na michache iliyoachana inayoikatiza. Karatasi isiyo na mistari hiyo ilianza Uingereza katika miaka ya 1750. Kwa hiyo chapa ya Nooms juu ya karatasi laini isiyo na mistari haikupigwa Nooms akiwa hai, hata kama bamba ni lake.

Tafuta pia alama ndani ya karatasi. Kichwa cha mchekeshaji mwenye kofia ya njuga ni cha kawaida katika karne ya 17, na ngao ya Amsterdam yenye misalaba mitatu iliyosimama mmoja juu ya mwingine nayo utaikuta mara nyingi.

Kisha pitisha macho kandokando ya picha. Bamba la shaba likibanwa huacha bonde la mstatili kwenye karatasi. Kama limekatwa, si kosa. Watu wa zamani walikata kingo ili kubandika kwenye vitabu. Chukua lensi ya kukuzia: ukiona vitone vilivyojipanga kama safu za askari, ni nakala ya mashine ya siku za karibuni. Mstari wa kweli ni mweusi mzima, na wino wake umeinuka kidogo juu ya karatasi. Mistari ya kivuli iliyofifia, ile iliyokaribiana sana, ni dalili ya bamba lililochoka kwa kuchapwa mara nyingi.

Na jihadhari na nakala za mikono. Karibu na mwaka 1850, huko Paris, Charles Meryon alijifunza kazi kwa kunakili chapa za Zeeman kwenye mabamba yake mwenyewe. Alimpenda kwa dhati na hakukusudia kumdanganya mtu, lakini nakala zake ni chapa za kweli za tindikali, na lensi peke yake haitakuokoa. Weka picha ya jumba la makumbusho kando ya yako ufuatilie kamba moja baada ya nyingine.

Hatua ya saba: itunze, hasa kama unaishi pwani

Chapa yangu ya kwanza niliitundika Unguja, kwenye ukuta unaopigwa na upepo wa bahari, kioo kikigusa karatasi. Masika mawili yalitosha. Madoadoa ya kahawia yalitokea kwanza kwenye mbingu, mahali palipokuwa peupe zaidi, na pembe moja ikagandia kioo. Nilipoibandua, wino ulibaki kwenye kioo. Nimeiweka bado, na kila nikiitazama naona aibu mbele ya fundi mwenye tezo aliyekaa salama miaka mingi kabla hajafika kwangu.

Usifanye nilivyofanya. Chagua ukuta wa ndani wa nyumba, usiopigwa na jua wala kushiriki bomba la maji. Kati ya kioo na karatasi weka kadi iliyokatwa dirisha, isiyo na asidi, ili hewa ipite. Nyuma yake kadi ya namna hiyohiyo. Ishikize kwa bawaba mbili ndogo za karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kwa upande wa juu tu, ili karatasi iweze kutanuka na kusinyaa na hali ya hewa. Utepe wa gundi wa dukani usiuguse kamwe, wala gundi ya mbao. Kila masika yakiisha, shusha fremu, ifungue, tafuta madoadoa mapya na wadudu, maana mende na mchwa hupenda wanga kama sisi. Madoadoa yakiwa mengi usijaribu dawa ya kung'arishia nguo. Peleka kwa mtaalamu wa karatasi.

Uliyoyagundua katika hatua zote hizi yaandike kwa penseli laini kwenye kadi ya nyuma, si kwenye chapa yenyewe: chombo kimefika wapi, kipi kimetangulia kati ya mbao na mataruma, mafundi ni wa mkono upi, alama ya karatasi ni ipi. Weka na tarehe. Mimi kwenye moja ya zangu nimeandika pia maneno ya mjomba, "kinatibiwa", na jina la kijiji chake.